Kiwanja cha Pembe Tano

Mimi nina wivu, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimesingiziwa. Mke wangu akichelewa sokoni, nauliza. Akicheka na muuza nyanya, nauliza wamecheka nini. Nilikuwa hivi kabla hatujaoana, na baba mkwe wangu kule Ziba alilijua hilo na bado akanipa binti yake, kwa hiyo lawama si zangu peke yangu.

Naitwa Jilala. Ni seremala, na karakana yangu iko nyuma ya stendi ya Nzega, hatua chache kutoka pale barabara ya Tabora inapokutana na ile ya kwenda Igunga. Watu wamepita hapa tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu na chumvi, na hadi leo wanapita: malori, mabasi, wageni wa machimboni. Mji wa wapita njia haumfai mtu mwenye wivu. Kila siku kuna mwanamume mpya amesimama mahali.

Mke wangu anaitwa Minza, ila jina hilo hakuna anayelitumia. Tangu binti yetu Shukrani azaliwe, yeye ni Mama Shukrani: kwa majirani, kwa wateja, kanisani na kwangu. Shukrani sasa yuko kidato cha pili, bweni, Tabora mjini. Alipoondoka tu mwezi wa kwanza, mama yake akaja karakanani. Sisi tunafanya kazi pamoja. Mimi nakata na kuunga, yeye anapiga msasa na vanishi. Siku hiyo akauweka msasa mezani akasema anataka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Hesabu tu. Miaka kumi na minane iliyopita hesabu zilimwangusha, na bila hesabu chuo cha uuguzi hawamtaki.

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilidhani atasomea nyumbani.

Kumbe kuna darasa. Liko katika ukumbi wa kanisa, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, watu wazima kumi na watatu wote wanarudia mitihani. Na darasa lina mwalimu, na mwalimu ni Ambrosi: kijana wa miaka thelathini, shati limechomekwa, viatu vinang'aa hata msimu wa vumbi. Mara ya kwanza kukutana alinipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, lakini ilinichoma. Alinipa miaka ambayo sikumwomba.

Basi ikawa kila jioni mke wangu anarudi na chaki kwenye mkono wa gauni, anaimba. Mtu anaimba kwa ajili ya hesabu? Nilinyamaza. Nilinyamaza miezi tisa, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko kuranda mninga mbichi.

Jumamosi moja ya Oktoba, wiki nne kabla ya mtihani, yeye yuko sokoni, nikafungua mkoba wake kutafuta penseli. Sawa, sikuwa natafuta penseli. Ndani ya daftari palikuwa na karatasi moja iliyochanika, ya ile yenye miraba midogo midogo, na juu yake pamechorwa mchoro.

Mimi mchoro nausoma. Ndiyo kazi yangu. Kulikuwa na mistari miwili mirefu yenye mishale, mmoja umeelekea juu, mwingine kulia, na ilipokutana paliandikwa A. Nikaona njia panda. Ndani ya njia panda hiyo palikuwa na eneo la pembe tano, A, B, C, D, E, na kila pembe ina tarakimu zake mbili kwenye mabano, kama vile wapima ardhi wanavyoandika kwenye bikoni. Eneo lote limetiwa kivuli cha penseli, taratibu, kwa mkono wa mtu anayependa kitu chake. Upande wa juu umekatwa bapa, nikajua hapo wameacha nafasi ya barabara. Na pembeni, kwa wino mwekundu, maandishi ambayo hayakuwa ya mke wangu: "Minza, C ndipo penyewe. Hongera! Ambrosi."

Nilikaa juu ya gogo. Wananunua kiwanja. Mke wangu na kijana wa shati la kuchomekea wananunua kiwanja kwenye njia panda, na nyumba itasimama kwenye kona ya C.

Lakini kuna kitu kilichoniuma kuliko hicho kiwanja. Minza. Ameandika Minza. Hata mimi jina hilo nililiacha siku Shukrani alipozaliwa, nikaona ndiyo heshima, na huyu ameliokota akaliandika kwa wino mwekundu.

Nikaipeleka karatasi kwa Lugembe. Lugembe ni dalali wa viwanja, anakaa kwenye benchi nje ya duka la simenti, na tangu nimfahamu hajawahi kusema sijui.

"Mwadila, Jilala," alinisalimu Kisukuma. "Lete hiyo."

Akaigeuza mara mbili, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Hiki nakijua," akasema.

"Unakijua?"

"Kiko upande wa kwenda Igunga, ukishapita kisima. Pembe tano, ndicho chenyewe. Kizuri sana. Ila umechelewa, ndugu yangu, kimeshachukuliwa."

"Kimechukuliwa na nani?"

"Mtu na mkewe," akasema Lugembe. "Kijana tu. Msomi."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba nyimbo zote kwa sauti kubwa, sikuelewa hata moja. Mama Shukrani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akaniwekea nyama kubwa kwenye sahani, nami nikaitazama ile nyama kwa mashaka.

Jumatatu saa kumi na nusu nikafunga karakana, nikaenda ukumbini. Nilipoingia Ambrosi alikuwa ubaoni na mke wangu amekaa mstari wa mbele. Mbele kabisa! Hapo mori ukanipanda.

"Shikamoo kaka," akasema Ambrosi. "Karibu kiti."

"Sikuja kukaa." Nikainua karatasi watu wote waione. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Kiwanja hiki mmekinunua lini, na hiyo nyumba ya C mnahamia lini?"

Kisha Bernadeta, yule mama wa duka la vitenge, akaanza kucheka kidogo kidogo, akajiziba mdomo kwa daftari, na daftari nalo likawa linatikisika. Ambrosi hakucheka. Nilimchukia zaidi kwa kutocheka.

"Kaka, hii ni..."

"Mwalimu, niache nieleze mwenyewe," mke wangu akasema.

Akasimama. Hakunitazama. Akachukua chaki na kuchora ubaoni ile ile njia panda yangu.

"Kwenye kitabu kulikuwa na seremala," akaanza, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Seremala wa kitabu anatengeneza meza kwa saa moja na kiti kwa nusu saa. Nikamwambia mwalimu huyo mtu hayupo, mimi seremala namjua. Akasema basi andika wa kwako. Nikaandika wa kwangu." Akagonga ule mstari wa kulia. "Huku tunahesabu vitanda." Akagonga wa juu. "Huku makabati. Kwa wiki mbili, siku kumi za kazi. Mbao zinazoletwa ni hamsini na nne. Kitanda kinakula sita, kabati linakula tisa. Ukitengeneza vitanda tu, utaishia tisa. Makabati tu, utaishia sita. Unaunganisha." Akavuta mstari wa kuteremka. "Chini ya mstari huu mbao zinatosha. Juu yake unajidanganya."

Nilitaka nisielewe. Lakini zilikuwa mbao zangu, na mikono yangu ilizielewa kabla sijaizuia.

"Siku nazo. Kitanda siku moja, kabati siku mbili, na siku ni kumi." Akavuta mstari wa pili, ukaukata wa kwanza. "Sasa lazima uwe chini ya yote miwili. Mbao zikitosha na siku hazitoshi, hakuna kazi. Hicho kivuli ulichokiona ndipo palipobaki, mahali ambapo masharti yote yamekubali kwa pamoja. C ni vitanda sita na makabati mawili. Ndipo mtu anapopata faida kubwa. Ndiyo maana mwalimu aliandika hongera."

Ningeweza kuondoka hapo. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini mimi ni fundi, na niliona kitu hakijakaa sawa.

"Na huo wa juu?" nikauliza. "Ule uliolala bapa. Kwa mbao na siku ulizotaja, makabati yanafika hata matano. Wewe umekata kwenye matatu. Nani amesema yasizidi matatu?"

Alikuwa anaangalia chaki yake.

"Mgongo," akasema.

Bernadeta akaacha kucheka.

"Ukinyanyua kabati la nne, kesho yake unavaa viatu umekaa. Siku mbili zinazofuata unajifanya unatafuta misumari chini ili usimame polepole. Hujaniambia. Nimeona." Akaweka chaki. "Ni sharti kama masharti mengine. Ningeliacha, hesabu ingekuwa ya uongo."

Sasa ngoja niseme ukweli wa moyo wangu, hata kama haunipendezi. Mume mwema angelia pale. Mimi niliona aibu, ndiyo, aibu iliyonifika masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine: Ambrosi alikuwa anaujua mgongo wangu. Aliusahihisha. Alipitisha kalamu nyekundu juu ya maumivu yangu kabla mimi sijajua kuwa mke wangu ameyaona. Nikatoka bila kuaga.

Mama Shukrani alirudi jua halijazama. Haimbi. Nilikuwa nimekaa mlangoni, na badala ya kuomba radhi nikamwekea masharti. Nilitaka kitu ambacho ni mimi tu ninayekiweka.

"Kuanzia kesho," nikasema, "ikifika saa kumi na moja uwe umemaliza mambo yako yote, uko hapa nyumbani. Yote. Sitaki habari ya saa kumi na mbili."

"Haya," akasema.

"Na msasa na vanishi ni muda wa saa mbili kila siku, kama zamani. Sitaki wateja waseme kazi imeshuka."

"Haya."

"Na mtihani ufaulu. Nimechekwa leo mbele ya watu, sitachekwa mara ya pili."

"Mwalimu amesema tusipungue saa nane za kusoma kwa wiki. Pungufu ya hapo mtu hafaulu."

"Basi saa nane. Mimi nimekataza saa nane?"

"Hujakataza," akasema, akaingia ndani.

Siku mbili alikuja karakanani, akapiga msasa na vanishi mpaka saa kumi, akaenda darasani, na saa kumi na moja kamili alikuwa nyumbani, ameketi. Hakuna ugomvi. Nilishinda. Nilikuwa natembea kifua mbele, na usiniulize kwa nini sikulala vizuri.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana akaja, akasogeza randa yangu pembeni, akatandaza karatasi ya miraba juu ya meza ya kazi.

"Soma," akasema. "Sasa unajua kusoma."

Ilikuwa njia panda tena. Chini ya mstari wa kulia ameandika: saa za kusoma kwa wiki. Kando ya mstari wa juu: saa za msasa. Nikaona mstari uliolala kwenye kumi.

"Huo ni wa msasa," akasema. "Saa mbili mara siku tano. Zisipungue kumi, kwa hiyo niko juu yake." Akaonyesha mwingine uliosimama kwenye nane. "Huu ni wa kufaulu. Niko kulia kwake. Na huu wa kuteremka ni wa saa kumi na moja. Chakula cha mchana kinaisha saa nane. Saa nane mpaka kumi na moja ni tatu, mara tano, kumi na tano. Vyote viwili visizidi hapo, kwa hiyo niko chini yake."

Kila sharti alikuwa amelitilia vistari vya aina yake: vya kulala, vya kusimama, vya mshazari. Panapokutana vistari vya aina zote tatu, ndipo pa kukaa. Nikatafuta. Nikasogeza karatasi kwenye mwanga. Nikafuata kwa kidole, kona hadi kona, kama ninavyotafuta ufa kwenye ubao. Juu na kulia zilikutana aina mbili. Chini kushoto aina moja peke yake. Tatu hazikukutana popote.

"Hamna," nikasema.

"Hamna," akasema. "Kumi jumlisha nane ni kumi na nane; inakuwa ndogo kuliko kumi na tano wapi? Ndiyo masharti yako yote, Baba Shukrani, sijaongeza hata moja. Nimetafuta siku mbili mahali pa kusimama, sijapata. Kama hapa hapana mahali pangu, nitakwenda kwa dada yangu Nyamizi ng'ambo ya stendi, nikasomee huko mpaka mtihani uishe. Nikishafika huko, sijui nitarudi lini. Au futa mstari mmoja. Chagua mwenyewe."

Akaweka kifutio juu ya karatasi. Kidogo, kimeliwa pembeni.

Nikakiangalia. Hakuwa ananitishia, mke wangu hajui kutishia. Alikuwa ameshafunga begi, nililiona mlangoni, begi la bluu alilokuja nalo kutoka Ziba.

Nikashika kifutio. Nilijua mstari gani ulikuwa wa uongo. Wa saa kumi na moja haukuhusu chakula wala giza wala majirani. Ulimhusu Ambrosi. Niliuchora kwa ajili ya viatu vinavyong'aa.

Nikaufuta. Nikachukua penseli yangu bapa na pembe ya seremala, nikauchora tena mbali zaidi, kwenye ishirini, mpaka saa kumi na mbili. Pakatokea kipembe tatu kidogo, chembamba. Nikakitia kivuli mwenyewe, nikamsukumia karatasi. Nilijiona mtu mkubwa.

Akaweka kidole kwenye ncha ya kulia.

"Kona hii," akasema, "kumi kwa kumi. Unaijua? Saa mbili za msasa, saa mbili za darasa, kila siku. Ndipo nilipokuwa Ijumaa iliyopita, kabla hujaja na karatasi yako. Hujanipa kitu. Umenirudishia tu."

Nikaitazama kona hiyo. Kweli. Miezi tisa yote mke wangu aliishi kwenye ncha ya kipembe hicho, hana pa kusogea hata nukta moja, nami nilikuwa nasikia nyimbo tu na kuzionea wivu.

"Mgongo wangu uko wapi humu?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka kujikuta.

"Haumo," akasema. "Hii ni karatasi yangu."

Nikachukua kifutio tena, nikaufuta mstari wa msasa wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Eneo likafunguka mpaka chini. Hakusema asante. Alikunja karatasi, akaiweka kwenye daftari, akaliondoa begi la bluu mlangoni kwa sababu lilikuwa linazuia njia.

Ijumaa nilipiga msasa kabati la mteja wa kule Choma mimi mwenyewe. Sikuwa nimeshika msasa miaka mingi; ni kazi ya kuinama, na mgongo ulinikumbusha kila upande wa mlango. Saa kumi na moja ikafika. Nikajua yuko mstari wa mbele. Nikajua yule kijana anasema "Minza, njoo ubaoni," na yeye anainuka. Wivu ukaja kwa wakati wake, haukuchelewa hata dakika moja. Sikufunga karakana. Niliendelea kusugua, na niliumia kotekote.

Alirudi saa kumi na mbili na robo, chaki kwenye mkono wa gauni. Akapitisha kiganja juu ya mlango wa kabati kuona kama umelainika, akainama kuzoa vumbi la mbao.

"Minza," nikamwita.

Akainuka haraka, akageuka kutazama mlangoni, kuona nani ameingia.